Kabla Hujasema Msitu Umekwisha, Tazama Picha Ilipigwa Mwezi Gani

Wanafunzi wanaochunguza mabadiliko ya matumizi ya ardhi huniuliza programu ipi ya uainishaji, yaani ya kugawa picha za setilaiti katika aina za ardhi kama msitu, maji au shamba, ni bora. Mimi huwauliza kwanza: picha zenu zilipigwa mwezi gani?

Chukua Bonde la Kilombero, Tanzania. Setilaiti ya Landsat 5 ilirushwa 1984, Landsat 8 mwaka 2013, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Ni rahisi kupakua ya zamani na ya sasa, ukaziainisha, ukapata jibu. Lakini ukilinganisha ya Juni na ya Septemba, utaambiwa miti imetoweka. Miombo hupukutisha majani kiangazi, na mitiki vilevile. Moto nao ukishapita, weusi wa majivu unaweza kuhesabiwa kuwa maji. Hapo umepima majira tu.

Mpunga ndio unaosumbua zaidi. Machi jaruba limejaa maji, kompyuta inaliita ardhioevu. Mei ni kijani kibichi kama nyasi za bondeni. Agosti yamebaki mabua, na huwezi kulitofautisha na mbuga iliyokauka. Kwa hiyo kwa kila mwaka ninaouchunguza huchukua picha mbili kwa uchache, ya masika na ya kiangazi, na kuziainisha pamoja. Masika mawingu ni mengi mno. Kwa miaka ya karibuni tumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa 2014, kwani hupenya mawingu. Kwa miaka ya themanini haipo, basi tafuta picha safi hata kama ni ya mwaka mmoja mbele au nyuma.

Pima pia usahihi wa ramani zote mbili unazopata, ya zamani na ya sasa. Kila moja ikiwa sahihi kwa asilimia 85, na makosa yao hayahusiani, usahihi wa ramani ya mabadiliko, inayopatikana kwa kuzilinganisha, hushuka hadi karibu asilimia 72. Ramani isiyotaja takwimu hizo isitumike kamwe kumwondoa mkulima wala mfugaji mahali alipo.

Halafu nenda bondeni na GPS yako. Usiishie kando ya barabara. Fika pale ramani inaposema pamebadilika, uwaamkie wazee, uwaulize shamba lile lilifunguliwa lini na kabla yake palikuwa na nini. Wengi hukumbuka kwa mafuriko au kwa mwaka mtoto fulani alipozaliwa. Andika hivyo hivyo walivyosema, kisha tafuta picha ya mwaka huo.