Jibu: Eddie Aikau hakufa mashindanoni

Mkuu, umeuliza kama Eddie Aikau, mtelezaji mawimbi wa Hawaii, alifia kwenye mashindano ya kuteleza mawimbini yenye jina lake. Hapana. Yalianza 1984, yeye akiwa ameshatoweka miaka sita.

Machi 16, 1978 alikuwa baharia wa Hōkūleʻa, chombo cha matanga chenye mitumbwi miwili iliyoungwa, kikitoka Honolulu kwenda Tahiti. Upepo ulikuwa mkali na shehena nzito. Mtumbwi mmoja ukaingiza maji, chombo kikaelemea upande, usiku kikapinduka. Asubuhi Eddie akachukua ubao wake wa kuteleza mawimbini, apige kasia kwa mikono hadi kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Jaketi okozi alilivua njiani. Ukilala kifudifudi ubaoni linakubana. Wenzake waliokolewa jioni hiyo hiyo, baada ya ndege ya abiria kuona fataki yao ya ishara. Yeye hakupatikana.

Kabla ya hapo, tangu 1968, alikuwa mwokoaji wa waogeleaji kwenye ghuba ya Waimea, Hawaii. Anahesabiwa kuokoa zaidi ya watu 500.

Mashindano hayafanyiki kila mwaka kwa sababu mawimbi lazima yafike futi 20 kwa kipimo cha Hawaii, ambacho ni kama nusu ya urefu wa uso wa wimbi, yaani uso wa kama mita 12. Mwaka 2023 alishinda Luke Shepardson, mwokoaji aliyekuwa zamu siku hiyo!