Klasta ya Galera ikiwa nzito, tafuta kwanza nodi inayokanyaga breki

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Una nodi (seva) tatu za MariaDB Galera, yaani hifadhidata moja inayonakiliwa kwenye seva zote kama klasta, prosesa zimetulia, memori bado ipo ya kutosha, na ukiendesha SELECT (amri ya kusoma data) kwa mkono inajibu papo hapo. Lakini watumiaji wakibonyeza kitufe cha kuhifadhi wanasubiri sekunde mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ushauri uliopewa mpaka sasa ni kuongeza nodi ya nne. Naomba usiiongeze bado. Kwa upande wa kuandika, nodi ya nne haitakupunguzia chochote, na inaweza kukuongezea mgonjwa mwingine.

Tuanze na jinsi Galera inavyofanya kazi, maana bila hilo vipimo vyote vitakuchanganya. Kila nodi ina nakala nzima ya data. Muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja) ukifika kwenye COMMIT, amri ya kuyahifadhi rasmi, mabadiliko yake yanafungwa furushi moja na kurushwa kwa nodi zote, yanapewa namba ya mfuatano, kisha kila nodi inakagua kama yanagongana na yaliyotangulia. Nodi iliyoanzisha haisubiri wenzake wamalize kuandika kwenye diski zao. Inasubiri tu wayapokee na wakubaliane nani katangulia. Yaliyopokelewa lakini hayajaandikwa yanakaa foleni. Foleni ya nodi yoyote ikipita kikomo, nodi hiyo inatangazia klasta nzima isimame, na klasta inasimama kweli mpaka foleni ishuke; hiyo ndiyo ninayoiita breki. Kikomo hicho ni gcs.fc_limit, na chaguo-msingi la Galera ni 16 tu. Ni msafara unaokwenda kwa mwendo wa mwenye mguu mbovu, hata kama wengine wote ni wakimbiaji.

Kwa hiyo nodi unayoiangalia, ile ambayo programu imeunganishwa nayo na malalamiko yanatokea hapo, mara nyingi ni nzima kabisa. Imeshikwa na mwenzake. Nimeona watu wakiongeza indeksi na kubadilisha innodb_buffer_pool_size (memori ya kuweka data inayotumika) kwenye nodi ya kwanza wiki nzima wakati ugonjwa uko kwenye nodi ya tatu, ambayo hakuna anayeingia kwa kuwa "haina kazi."

Fanya hivi. Saa ambayo mfumo una watu wengi, endesha FLUSH STATUS (kuanzia MariaDB 11.5 ni FLUSH GLOBAL STATUS) kwenye nodi zote tatu ili vihesabu vianze upya, subiri dakika kadhaa, halafu kwenye kila moja:

SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'wsrep_flow_control%';
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'wsrep_local_recv_queue%';

Anza na wsrep_flow_control_paused. Ni sehemu ya muda ambao uandishi ulisimamishwa, kuanzia 0 hadi 1. Ukisoma 0.25, maana yake robo ya muda wote klasta ilikuwa imesimama. Namba hii itafanana karibu kila nodi, kwa hiyo inakwambia breki ipo ila haikwambii nani kaikanyaga. Wa kukwambia ni wsrep_flow_control_sent. Isome mara mbili kwa tofauti ya dakika moja kwenye kila nodi, toa ya kwanza kutoka ya pili. Nodi ambayo namba yake inapanda ndiyo inayotuma amri ya kusimama. Usiichanganye na wsrep_flow_control_recv, hiyo itakuwa kubwa kote kwa sababu kila mtu anapokea amri. Na wsrep_local_recv_queue_avg ya nodi mgonjwa itakuwa juu, wakati za wenzake ziko karibu na sifuri.

Ukishaijua nodi, ingia kwenye seva hiyo na uache zile nyingine. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na kwa uzoefu wangu sababu mbili zinaongoza kwa mbali.

Ya kwanza ni diski. Kuna mfumo niliwahi kuitiwa, seva tatu zilizonunuliwa siku moja, modeli ileile, diski zilezile, na kila mtu alishikilia kwamba haziwezi kutofautiana. Nikaendesha iostat -x 1, amri inayopima kazi ya diski, kwenye zote kwa wakati mmoja, madirisha matatu yamepangwa pembeni kwa pembeni. Kwenye mbili, safu ya w_await (wastani wa muda wa kusubiri kila andiko) ilikuwa chini ya milisekunde 1. Kwenye ya tatu ilikuwa inacheza kati ya 9 na 12. Tofauti hiyo ina maana yake. Kadi ya RAID, ile inayosimamia diski za seva, ina kumbukumbu yake ndogo inayolindwa na betri, na maandishi yakishaingia humo mfumo unaambiwa "tayari." Betri ikichoka, kadi kwa usalama wa data inaacha kuitumia kumbukumbu hiyo na inaanza kungoja diski yenyewe. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, yaani milisekunde 8.3 kila mzunguko. Ukiwa na innodb_flush_log_at_trx_commit=1, kila muamala unaomba uhakika kwamba logi imefika kwenye diski. Na kwa kuwa wsrep_slave_threads (idadi ya thredi zinazoandika yaliyopokelewa) kwa chaguo-msingi la MariaDB ni 1, miamala inangoja zamu mmoja mmoja. Piga hesabu: haiwezi kuvuka miamala mia na kidogo kwa sekunde, hata kama prosesa zake zimelala. Ndiyo maana grafu za prosesa hazikuonyesha kitu.

Kadi ilikuwa imeshaandika onyo la betri kwenye logi yake zamani, ila hakuna mfumo wa uangalizi uliokuwa unaisoma. Kama kadi yako ni ya LSI au Broadcom, endesha storcli /c0/bbu show, au storcli /c0/cv show kama inatumia kapasita badala ya betri. Halafu angalia kama sera ya kashe imegeuka kuwa WT (write-through, yaani kungoja diski yenyewe). Tulipokuwa tunangoja betri mpya, tuliweka innodb_flush_log_at_trx_commit=2 kwenye nodi hiyo moja. Inabadilika bila kuzima seva, na breki ziliisha papo hapo. Hatari yake ijue: umeme ukikatika, nodi hiyo inaweza kupoteza miamala ya sekunde ya mwisho hivi. Nodi moja ikipoteza, itachukua kwa wenzake. Zikizimika zote pamoja kwenye chumba kimoja chenye UPS moja, hilo ni jambo jingine, kwa hiyo usiweke 2 kote bila kufikiria umeme wako.

Ya pili ni jedwali lisilo na ufunguo msingi (primary key, kinachotambulisha kila mstari). Hii inawapoteza wengi kwa sababu haionekani kwenye nodi inayoanzisha kazi. Tuseme una jedwali la kumbukumbu za matukio, mistari milioni moja, halina ufunguo wala indeksi yoyote, na usiku kuna kazi ya kufuta mistari elfu kumi iliyotawanyika humo. Nodi iliyoanzisha inalipitia jedwali mara moja, inafuta, imemaliza. Lakini Galera haitumi sentensi ya DELETE, inatuma mistari yenyewe, mmoja mmoja. Nodi inayopokea inaambiwa "futa mstari huu wenye thamani hizi," na bila ufunguo inabidi iutafute kuanzia juu ya jedwali. Kisha mstari wa pili, kuanzia juu tena. Mara elfu kumi. Kazi ya sekunde chache upande mmoja inageuka kuwa ya saa nzima upande mwingine, na muda huo wote klasta imesimama.

Umesema prosesa zimetulia. Endesha top kwenye nodi inayokanyaga breki, kisha bonyeza 1 ili uone kila kiini peke yake. Kwenye seva ya viini 16, kiini kimoja kilichojaa asilimia 100 kinaonekana kama asilimia 6 kwenye wastani, na grafu yako itakuambia mambo ni shwari. Wakati huohuo, SHOW PROCESSLIST itaonyesha thredi ya "system user" ikiwa imeng'ang'ania jambo lilelile dakika baada ya dakika. Majedwali ya namna hiyo unayapata hivi:

SELECT t.table_schema, t.table_name
FROM information_schema.tables t
LEFT JOIN information_schema.table_constraints c
ON c.table_schema = t.table_schema
AND c.table_name = t.table_name
AND c.constraint_type = 'PRIMARY KEY'
WHERE t.table_type = 'BASE TABLE'
AND c.constraint_name IS NULL
AND t.table_schema NOT IN ('mysql','sys','information_schema','performance_schema');

Ukiyapata, yape ufunguo, lakini si mchana. ALTER TABLE (amri ya kubadilisha muundo wa jedwali) kwenye Galera, kwa njia yake ya kawaida, inatekelezwa nodi zote kwa zamu moja na uandishi unasubiri imalizike. Zana ya pt-online-schema-change ambayo watu huikimbilia kubadilisha muundo bila kusimamisha kazi haitakusaidia hapa, kwa sababu yenyewe inadai jedwali liwe na ufunguo au indeksi ya kipekee. Kwa jedwali kubwa, tengeneza jipya lenye AUTO_INCREMENT, hamisha data kwa mafungu, kisha ubadilishe majina kwa RENAME TABLE. Namba zitakuwa zinaruka tatu tatu kwa sababu klasta inazigawa kwa idadi ya nodi. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Hata kwenye majedwali yenye ufunguo, kufuta au kusasisha mistari laki tano kwa muamala mmoja ni kujitafutia breki. Furushi zima linaingia kwenye foleni kama kitu kimoja, na yaliyo nyuma yake yanangoja. Gawa kwa mafungu ya elfu moja au mbili, COMMIT kila fungu.

Kuhusu wsrep_slave_threads: ndiyo, 1 ni chache kwa seva ya kisasa. Angalia wsrep_cert_deps_distance, hiyo inakuonyesha kwa wastani miamala mingapi ingeweza kuandikwa sambamba bila kugongana. Hakuna faida ya kupita namba hiyo. Mimi huanza na 4 au 8, napima, kisha napanda. Ila hakikisha kwanza diski ni nzima.

Kuna mtu amependekeza upandishe gcs.fc_limit hadi 500. Simwungi mkono kama ndiyo tiba. Breki zitapungua kwenye grafu, ni kweli, lakini nodi dhaifu bado ni dhaifu, tofauti ni kwamba sasa iko nyuma zaidi. Atakayesoma kwenye nodi hiyo atapata data ya zamani, na miamala inayoanzia hapo itagongana zaidi. Kikomo kikubwa kina nafasi yake pale ambapo mzigo unakuja kwa mafuriko mafupi na nodi zote ni nzima.

Kama hakuna nodi inayotuma breki na bado COMMIT ni nzito, hamia kwenye mtandao. wsrep_local_send_queue_avg ikiwa inapanda, nodi inashindwa kusukuma data nje. Endesha ethtool kwenye kadi ya mtandao ya kila seva uone mwendo. Waya mbovu unaweza kuishusha kadi ya Mb 1,000 kwa sekunde hadi 100 bila mtu kujua. Na kama nodi moja iko mji mwingine, kumbuka kila COMMIT inalipa safari ya kwenda na kurudi. Mwanga kwenye nyaya za faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi hata vifaa vikiwa bora kiasi gani. Hapo ndipo mstari mmoja unaosasishwa na kila mtu, kama ule wa "namba ya risiti inayofuata," unapokuwa kikwazo kikubwa: milisekunde 10 kila mara ni sasisho 100 kwa sekunde, basi. Dalili nyingine ya mstari wa namna hiyo, kama mnaandika kupitia nodi zaidi ya moja, ni kosa namba 1213 (deadlock, miamala kugongana) kwenye programu pamoja na wsrep_local_cert_failures na wsrep_local_bf_aborts kupanda. Kuelekeza uandishi wote kwenye nodi moja kupitia ProxySQL au HAProxy (programu za kuelekeza miunganisho) kunaondoa migongano, ila hakuondoi ile milisekunde 10. Mstari wenyewe inabidi uondolewe kwenye muundo.

Mambo mawili ya haraka kabla hujaenda mbali. Kama wsrep_sync_wait imewekwa 1, usomaji nao unasubiri foleni, kwa hiyo utaona hadi SELECT nzito kwenye nodi dhaifu. Na kama kazi ya nakala rudufu inaendeshwa kwenye nodi mojawapo mchana, weka SET GLOBAL wsrep_desync=ON kabla ya kuanza na uizime baada ya kumaliza, ili nodi hiyo ichelewe peke yake bila kuwasimamisha wengine.

Sasa utaona kwa nini nilikataa nodi ya nne. Kila nodi inaandika kila kitu, hakuna mgawanyo. Nne zitaandika mara nne yaleyale, na kujiunga kwake kwa mara ya kwanza kunahitaji nakala kamili kutoka kwa nodi iliyopo, ambayo tayari ina mzigo. Kwa usomaji itakusaidia, lakini wewe hulalamikii usomaji.

Lete hapa matokeo ya zile SHOW GLOBAL STATUS mbili za nodi zote tatu, wsrep_flow_control_sent ikiwa imesomwa mara mbili, pamoja na dakika moja ya iostat -x 1 kutoka kila seva, vyote vikiwa vimechukuliwa muda mmoja. Ukichukua ya nodi moja asubuhi na nyingine jioni, hatutaweza kulinganisha kitu. Taja pia toleo la MariaDB, maana baadhi ya majina ya vigezo yanatofautiana.