Maswali yenu: nyuma ya milango ya jumba la Van Gogh

Makala ya toleo lililopita kuhusu makumbusho ya mchoraji Vincent van Gogh mjini Amsterdam, Uholanzi, imetuletea barua nyingi. Mhariri amenikabidhi mimi nizijibu. Mimi ni fundi wa kutunza na kukarabati picha; kazi nilijifunzia Uholanzi na sasa naifanya Dar es Salaam. Nitajibu kifundi, kwa hiyo msishangae nikikaa zaidi kwenye rangi na turubai, yaani kitambaa kinachochorewa picha, kuliko kwenye sifa za mchoraji.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mlituambia Van Gogh alikufa maskini na picha zake hazikuwa na wanunuzi. Sasa hizo picha zaidi ya 200 zilizomo ndani ya jumba moja zilipatikanaje? Serikali ilizinunua kwa matajiri? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hazikutoka kwa matajiri. Zilikuwa za familia tangu mwanzo. Theo, mdogo wake Vincent, alifanya biashara ya picha Paris. Yeye ndiye aliyemtumia kaka yake fedha za kula na za rangi, na Vincent akawa anampelekea picha. Vincent alipofariki Julai 1890 akiwa na miaka 37, picha zikabaki kwa Theo. Miezi sita haikutimia, Theo naye akafa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa ajulikane kwetu kama anavyojulikana Van Gogh mwenyewe: mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger. Alikuwa na miaka 28, na mtoto wa kiume ambaye hata mwaka hajatimiza. Alirudi kwao Uholanzi, kwenye mji mdogo wa Bussum, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili apate riziki. Picha alikwenda nazo.

Jo aliuza picha, tena si chache, lakini aliuza kwa kuchagua, ili kazi za shemeji yake zionekane mahali panapotazamwa, huku zile alizoziona bora akibaki nazo. London walipomwomba moja ya picha za alizeti alikataa kwanza, ndipo akakubali mwaka 1924. Kila aliyouza aliiandika kwenye daftari lilelile la hesabu ambalo yeye na mumewe waliandikia matumizi ya nyumbani. Daftari hilo lipo mpaka leo, na watafiti wanalitegemea kujua picha fulani ilitoka lini na ikaenda kwa nani. Halafu zipo barua ambazo Vincent alimwandikia Theo. Nyingi hazikuwa na tarehe. Jo alizisoma, akazipanga, na mwaka 1914 akazitoa kitabuni.

Mwanawe, aliyepewa jina la Vincent, ndiye yule ambaye baba yake mkubwa alimchorea matawi ya mlozi yaliyochanua alipozaliwa. Alikua akawa mhandisi. Mwaka 1962 picha ziliwekwa chini ya wakfu wa familia, serikali ya Uholanzi ikatoa gilda (fedha ya Uholanzi ya wakati ule) milioni 15 na kuahidi kujenga jumba. Jumba likafunguliwa 1973. Mpaka sasa mwenye picha ni wakfu. Jumba linazitunza na kuzionyesha.

SWALI: Picha imeshachorwa, imekauka, imetundikwa. Hao mafundi wa humo ndani wanafanya nini siku nzima? (Fundi fremu, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, wewe unayeshika picha kila siku unajua kwamba picha haikai kama ilivyoachwa. Tuanze na ile ya chumba chake cha kulala, ya Oktoba 1888. Kwenye barua Van Gogh anaandika kwamba kuta ni za zambarau iliyopauka. Nenda leo ukaitazame: kuta ni za buluu. Hakukosea kuandika. Alichanganya buluu na nyekundu, na ile nyekundu ikaliwa na mwanga hadi ikabaki buluu peke yake. Mafundi wamelijua hilo kwa kuchukua punje za rangi zilizo ndogo kuliko chembe ya chumvi na kuzitazama kwenye hadubini, pamoja na kuchungulia kingo zilizofunikwa na fremu, mahali ambapo jua halikufika.

Picha ya alizeti iliyoko Amsterdam, ya Januari 1889, ndiyo iliyochunguzwa zaidi ya zote. Juu kabisa ya picha hiyo kuna kipande chembamba cha ubao. Van Gogh mwenyewe alikiongeza ili ua la juu lipate nafasi ya kupumua, kisha akakipaka rangi kuendeleza rangi ileile iliyo nyuma ya maua. Mwaka 1927 fundi mmoja alibandika turubai ya pili mgongoni mwa picha kwa mchanganyiko wa nta na utomvu. Ulikuwa utaratibu wa kawaida wakati ule, na pengine ndio ulioisaidia turubai isilegee, lakini nta huwa haibaki nyuma tu. Baadaye ikapakwa vanishi ambayo Van Gogh hakuitaka. Wataalamu wa sasa walipotaka kuitoa vanishi hiyo waligundua imeshaingiliana na rangi; ukiivuta, unavuta na kazi ya mwenyewe. Wakaiacha. Waliondoa madoa ya nta, wakarekebisha viraka vya zamani vilivyogeuka rangi, wakaishia hapo. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote: kujua mahali pa kusimamisha mkono. Mwaka 2019 jumba lilitangaza kwamba picha hiyo haitasafirishwa tena.

Kazi nyingine ni ya giza. Jumba lina michoro ya karatasi takribani 500 na barua zaidi ya 700, na karatasi haivumilii mwanga. Kipimo kinachofuatwa katika fani yetu kwa karatasi ni lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), yaani chumba chenye mwanga hafifu ambamo mgeni anasubiri kidogo macho yazoee. Baada ya miezi michache mchoro unashushwa na kurudishwa kwenye boksi ukapumzike, pengine kwa miaka. Mgeni aliyetoka mbali akiukosa hukasirika, na namwelewa.

SWALI: Nina picha niliyoachiwa na marehemu mjomba, ina sahihi ya mtu maarufu. Wenzetu wanajuaje kwamba hii ni yake na ile ni bandia? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Pole kwa msiba. Sahihi ndiyo kitu cha mwisho kuaminiwa, maana ndiyo rahisi kuigiza kuliko vyote. Hebu sikiliza kisa hiki. Tajiri mmoja wa Norway alinunua mwaka 1908 picha ya machweo pale Montmajour, kusini mwa Ufaransa. Akaambiwa ni bandia, akaitupia darini. Miaka ya tisini mwanzoni picha ilipelekwa kwenye jumba lenyewe la Van Gogh nao wakaikataa. Ilipopelekwa tena, vipimo vilikuwa vimeboreka. Walihesabu nyuzi za turubai kwa eksirei, wakaona zinalingana na turubai nyingine aliyotumia Van Gogh kipindi kile. Rangi zililingana na zake. Mgongoni palikuwa na namba 180, na orodha ya picha za Theo iliyoandikwa 1890 ina namba 180 yenye mandhari hiyohiyo. Kisha kuna barua ya Julai 1888 ambamo Vincent anaieleza sehemu ile na kulalamika kwamba picha imemshinda. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa ni yake.

Angalia ni vitu gani vilivyoitetea ile picha: namba, orodha, barua. Bila yule mjane wa Bussum kutunza makaratasi, maabara peke yake isingetosha. Kwa hiyo na wewe, kabla hujamlipa mtu yeyote kuipima, tafuta risiti, picha za zamani za sebule ya mjomba zinazoionyesha ikiwa ukutani, hata barua. Geuza picha upande wa nyuma usome.

SWALI: Ni kweli waliwahi kuibiwa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kweli, zaidi ya mara moja. Kisa kikubwa ni cha Desemba 2002: wezi walipanda juu ya paa kwa ngazi, wakavunja dirisha, wakaondoka na picha mbili za miaka yake ya mwanzo. Zilipatikana Italia, karibu na Naples, mwaka 2016. Moja, ya bahari ya Scheveningen huko Uholanzi, ilikuwa imebanduka rangi kwenye kona ya chini. Hiyo ina mchanga ndani ya rangi, kwa sababu aliichora pale ufukweni upepo ukivuma. Mchanga ule hausafishwi. Ni sehemu ya picha.

SWALI: Bibi, nina ubao wa mtindo wa Tingatinga alioununua baba yangu Oysterbay zamani. Umeanza kuota ukungu na kuvimba pembeni. Niupake mafuta? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usiupake chochote, mwanangu, wala usiuguse kwa maji ya sabuni. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu kabla ya kufa 1972, kazi zake zikachukuliwa na wageni zikatawanyika, na zilizobaki nchini mikononi mwa watu ni chache. Hata kama wako ni wa mmoja wa waliomfuata, una thamani. Ubao ule ni wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Ukinyonya unyevu unavimba na kuachana na rangi. Uondoe kwenye ukuta wa nje. Uulaze chumba kikavu chenye hewa, usiuanike juani. Ukungu ukishakauka kabisa, upanguse taratibu kwa brashi laini, ukiwa nje na umefunika pua. Ukiutundika tena, weka vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Kisha chukua karatasi, uandike baba aliununua wapi, kwa nani, na mwaka anaoukumbuka. Kama yu hai, kamuulize wiki hii. Iweke kwenye bahasha pamoja na picha ya mbele na ya nyuma ya ubao, ukinitumia nakala nitakuambia kama pembe hizo zinahitaji fundi.