Maswali na majibu: bei ya kaboni na umeme

Kulipisha mtambo kwa moshi wake kunapunguzaje moshi? Si watampandishia tu mteja bei? (msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Watapandisha, ndiyo. Lakini kinachogeuka kwanza ni zamu ya mitambo, maana wa gharama ndogo ndio huwashwa kwanza. Tuseme kuzalisha megawati-saa moja kwa makaa ya mawe ni dola 35, kwa gesi 50. Makaa yanatoa karibu tani 0.95 za hewa ukaa, gesi 0.37. Toza dola 10 kwa kila tani ya hewa ukaa (hiyo ndiyo bei ya kaboni): makaa yanafika 44.5, gesi 53.7. Makaa bado yanatangulia, na moshi uko palepale. Toza 30: makaa 63.5, gesi 61.1. Hapo zamu imegeuka. Katika mfano huu mpaka uko karibu dola 26. Chini yake serikali inakusanya pesa tu.

Kuna mahali palipofaulu? (Kampemba)

Uingereza. Mwaka 2013 iliweka kiwango cha chini kabisa cha bei ya kaboni, na tangu 2016 mitambo ilitozwa pauni 18 kwa tani juu ya bei ya soko la Ulaya la vibali vya hewa ukaa. Makaa ya mawe yalishuka kutoka karibu asilimia 40 ya umeme mwaka 2012 hadi chini ya 2 mwaka 2020. Ila mitambo ya gesi ilikuwepo tayari, na ya upepo ilikuwa ikiongezeka.

Huku SNEL, shirika la umeme la Kongo, inatumia maji. Inatuhusu nini? (Ruashi)

Nzilo, Nseke na Inga, mitambo yake ya maji, hazichomi kitu, kwa hiyo haziguswi. Ingeguswa jenereta inayowashwa umeme ukikatika. Lita ya mazutu (dizeli) hutoa kilo 2.7 za hewa ukaa. Ikizaa kilowati-saa 3, ni kilo 0.9 kwa kila moja, karibu sawa na makaa ya mawe. Dola 30 kwa tani ni senti 8 kwa lita. Mwenye kinu cha unga hawezi kuzima kwa senti 8, maana umeme mwingine hana. Atapandisha bei ya kusaga, basi. Kinachomfaa zaidi ni kutonunua jenereta inayozidi mno mzigo wake. Ikifanya kazi kwa robo ya nguvu, lita inaweza kuzaa kilowati-saa 2 tu, na mazutu yasiyoungua vizuri yanajaza masizi kwenye bomba la moshi.

Shaba yetu italipishwa kaboni Ulaya? (Kamalondo)

Ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya, unaohesabiwa tangu Januari 2026, umeanza na saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Shaba na kobalti hazimo.