Watoto 94 na vijiti vya chelewa

Nikiwa chuo cha ualimu niliandika andalio la somo lenye vikundi vya watoto watano watano, kila kikundi na zana zake. Wenzangu walioigiza watoto walikuwa ishirini, na somo likaenda vizuri. Kisha nikapangiwa darasa la pili lenye watoto 94, wakati kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45.

Nilijaribu vikundi. Hadi watoto watulie, kipindi cha dakika 30 kilikuwa kimebaki nusu, na katika kila kikundi aliongea mmoja. Nikakata tamaa, nikarudi ubaoni kukaririsha. Daftari ndizo zilizonistua: 52 − 27 = 35. Karibu nusu ya darasa walitoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hawakuwa wazembe. Hawakuwahi kuishika kumi mkononi.

Mwanasaikolojia Piaget alisema mtoto wa umri huo hufikiri vizuri kwa vitu anavyoviona na kuvigusa. Niliijibu hoja hiyo kwenye mtihani, nikaisahau darasani. Basi watoto wakaleta vijiti vya chelewa, tukavifunga kumi kumi. Huwezi kutoa 7 kwenye vijiti 2? Fungua kitita kimoja.

Vikundi niliviacha. Mwanasaikolojia mwingine, Vygotsky, anasema mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa na anayemzidi kidogo, na huyo tayari yupo kwenye dawati hilohilo. Niliweka sharti moja: anayejua asishike vijiti vya mwenzake, aulize tu, "Umebakiwa na vitita vingapi?" Bila sharti hilo, anayejua hufanya yote.

Mwalimu mwenzangu unayeanza, chagua mada moja inayowashinda watoto, uifundishe hivyo. Usigeuze masomo yote kwa mkupuo. Na zungumza mapema na mwalimu wa taaluma, anayesimamia ufundishaji shuleni. Mimi sikufanya hivyo. Alipopita akakuta kelele na daftari tupu, akadhani sifundishi. Siku hizi humwonesha daftari za kabla na za baada.

Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, lilichelewa wiki mbili, na nilizifidia kwenye mada nyepesi. Watoto kumi na mmoja bado wanahitaji vijiti hadi leo. Vipo kwenye ndoo karibu na mlango. Anayevihitaji huchukua bila kuomba ruhusa.