Kwa Wanaoanza Kuwahudumia Vijana Ambao Uchumba Wao Umevunjika

Ninyi mnaoanza huduma ya ushauri kwa vijana usharikani, jambo mtakaloletewa mapema kuliko mengine ni uchumba uliovunjika, mara nyingi baada ya mahari kupokelewa, kamati ya harusi kukaa na pengine tangazo la kwanza kusomwa ibadani. Nimefanya kazi hii kwa miaka 11, na kosa langu kubwa nililifanya mwanzoni kabisa. Binti mmoja alikuja nyumbani jioni akilia, nami kabla hata chai haijamiminwa nilikuwa nimekwisha kumsomea Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi na wale wampendao na kuwapatia mema. Aliitikia kwa adabu, "Asante, mama," akaaga, na hakurudi kwangu kwa miezi miwili. Andiko lile ni la kweli na ninaliamini kwa moyo wote, lakini siku ile nililitumia kumnyamazisha, kwa sababu kilio chake kilinitia hofu. Mithali 25:20 inamfananisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na siki iliyomwagwa juu ya magadi, na yeyote aliyewahi kuliona povu lile ataelewa.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha kusikiliza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jema walilomtendea. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Kijana akitaka kuomba akakosa maneno, msomeeni Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini, au hata ile ya 88 inayoishia gizani, ili ajue kwamba kulalamika mbele za Mungu si kukosa imani. Mwulizeni pia kama amekula na kama amelala. Eliya alipokuwa chini ya mti wa mretemu akiomba kufa, malaika hakumkemea, bali alimgusa akamwambia ale. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndipo akaendelea na safari. Lakini kijana akitamka kwamba hataki kuishi, msimwache peke yake usiku ule, wala msiishie kwenye maombi. Fuataneni naye hospitali.

Watakuja ndugu wenye nia njema watakaosema kwamba binti ana kifungo cha ukoo, yaani laana ya kurithi, au mume wa kiroho, yaani pepo anayedaiwa kumwoa, na kwamba apelekwe akaombewe afunguliwe. Hapo simameni imara. Mara nyingi uchumba umevunjika kwa sababu mmoja alibadili nia, au aliona jambo ambalo dhamiri yake haikuweza kulibeba, na muda wa uchumba upo hasa ili mambo kama hayo yaonekane kabla ya kiapo. Msimwahidi kamwe kwamba Mungu amemwandalia mwingine aliye bora, kwa kuwa hamkuambiwa hivyo. Msimtaje kwa jina katika maombi ya jumuiya, maana siri nyingi hutoka humo zikiwa zimevikwa vazi la sala. Habari za mahari waachieni wazazi na washenga. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa, na mshauri akijiingiza humo huonekana wa upande mmoja.

Mwulizeni pia harusi ilipangwa kuwa tarehe gani, muiandike daftarini. Siku hiyo wengine watakuwa wamesahau, lakini yeye hatasahau. Yule binti aliporudi, nilimwuliza, na Jumamosi iliyokuwa iwe ya harusi yake nilikwenda kwao asubuhi. Tukachambua mchele, tukapika, tukala, na alasiri akaniomba nimsomee Zaburi ya 34. Nilipokaribia mstari wa 18, unaosema kwamba Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, alinyosha mkono, akaichukua Biblia na kuusoma mwenyewe.