Jibu: Makala ya mwendokasi inayoyumba katikati

Mkuu, umeuliza kwa nini makala yako ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam inaanza vizuri halafu inapotea njia kwenye aya ya tatu. Nimeisoma. Shida si Kiswahili, chako kimenyooka. Hujaamua unataka msomaji afanye nini akishamaliza.

Ukitaka kumwelekeza mgeni anayetoka Kimara kwenda Kivukoni, mwambie apandie wapi, nauli alipie wapi, na basi lipi halisimami kila kituo. Habari za 2016, mabasi yalipoanza kazi, hazimhusu hata kidogo. Ukitaka kuwabana wahusika waongeze mabasi, hapo 2016 inapata kazi: waliahidi nini, na leo jioni pale kituo cha Gerezani watu wanapandaje. Wewe umechanganya vyote, ukatupia na upepo wa bahari kule Feri (pazuri hapo, ila pana makala yake).

Kabla hujaandika tena, jibu kwa sentensi moja tu: nataka nani ajue au afanye nini? Iweke juu kabisa ya ukurasa. Aya isiyoihusu, kata bila huruma. Anza na ile ya daladala za zamani.